Mkono Unaokufa Usiku Haujarogwa

Haya ni mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, infirmiye, katika mkutano mkuu wa chama hapa Baraka. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukapunguza salamu tu. Mwishoni tumeweka maswali mawili yaliyoulizwa.

 

Kamati iliniomba niseme juu ya mikono. Nilishangaa kidogo. Katika mikutano hii tumezoea kuongea kipindupindu, malaria na uzazi, magonjwa yanayoua. Mkono unaokufa ganzi hauui mtu. Lakini nikajiuliza: tulipovuka ziwa kutoka Kigoma, tangu mwaka 2005, kila mmoja alishuka na nini pale bandarini? Blanketi, masufuria, jembe, wengine mashini ya kushona. Mashamba tuliyakuta yamekuwa msitu, nyumba zimebaki msingi. Kila kitu mnachokiona leo, tofali, ndoo ya ndagala, uniforme ya mtoto, kimetoka kwenye mikono hii miwili. Ndiyo mtaji wetu. Mtu wa Baraka akipoteza mkono, hata kama anaishi, nyumba yake inalala njaa.

Bon. Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja, mwanachama mwenzetu. Ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Yeye alijifunza kushona kambini Lugufu, akarudi na mashini kabla kambi haijafungwa mwaka 2009. Hapa akashona vitenge na uniforme, akasomesha watoto. Siku moja akaja kwangu, mahali nilipokuwa nafanya kazi wakati ule. Akasema: "Muganga, mukono wa kuume unakufaka kila usiku. Naamka, naukung'uta, unapona. Nikilala tena, unakufa tena."

Sikumuuliza ni vidole vipi. Sikuushika ule mkono. Wagonjwa walikuwa wengi kwenye mstari. Nikamwambia ni baridi ya ziwa na uchovu, nikampa paracetamol na vitamini. Alirudi mara mbili, nikampa zilezile. Mara ya nne hakurudi.

Kumbe alienda kwa watu waliomwambia kwamba ametupiwa, tena na jirani yake. Wakamchanja kwa wembe kwenye kifundo cha mkono, wakapaka dawa. Na yule jirani? Walikuwa wameishi blok moja kule Lugufu, walikula sahani moja. Miaka miwili hawakusalimiana. Nilipomwona tena, nyama ya chini ya dole gumba ilikuwa imekwisha, imelala kama shimo. Sindano ilimwanguka mkononi bila yeye kujua. Chama kilichanga, akaenda Bukavu, akapasuliwa. Maumivu yaliisha, sasa analala usingizi. Lakini nguvu ya dole gumba haikurudi. Leo anauza vitambaa; kutia uzi kwenye sindano ni kazi ya binti yake.

Alikaa na ugonjwa ule miaka mitatu. Kama ningeuliza swali moja siku ya kwanza, pengine tusingefika huko. Swali lenyewe ni hili: ni vidole vipi? Nimekuja kuwafundisha ninyi wote kuliuliza.

Mshipa ni nini

Lugha yetu inatuchanganya hapa. Tunasema mshipa, lakini neno hilo tunalitumia kwa vitu vitatu. Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa unaovuta mfupa, wengine huita kano. Na kuna mshipa wa fahamu, hospitalini wanaita neva. Huu wa tatu ndio unaoleta habari kutoka kwenye kidole mpaka kwenye ubongo, na kurudisha amri: shika, achia, geuza. Mtu akisema "damu imesimama mkononi", mara nyingi damu inapita vizuri kabisa. Kilichobanwa ni mshipa wa fahamu.

Mishipa ya fahamu ya mkono inatoka shingoni, katikati ya pingili. Inapita chini ya mfupa wa bega, inashuka kwapani, inapita kiwiko, inaingia kifundo cha mkono, inaishia vidoleni. Njia ni ndefu na ina milango myembamba. Fikirini mpira wa maji: ukikanyagwa mahali popote, bomba la mwisho ndilo linalokauka. Ndiyo sababu kidole kinaweza kufa ganzi wakati ugonjwa uko shingoni.

Mshipa ukibanwa, unapita hatua tatu. Ya kwanza: ganzi na kuchomachoma kunakokuja na kuondoka, hasa usiku. Ya pili: ganzi haiondoki tena, hata mchana. Ya tatu: nguvu inapungua, nyama inakwisha. Hatua ya kwanza inatibika hapahapa Baraka, karibu bure. Ya tatu hata Bukavu haiwezi kurudisha yote. Na sababu ni hii: mshipa wa fahamu ukiharibika ndani, unakua upya polepole sana, karibu milimita moja kwa siku. Kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole ni karibu sentimita 40. Pigeni hesabu wenyewe: ni mwaka na zaidi. Nyama isiyopata amri muda mrefu namna hiyo inakauka, na ikikauka haingoji mtu.

Uliza vidole

Sasa inueni mikono yenu, muiangalie.

Dole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kama ganzi iko hapo, mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, katika mlango wa mifupa uliofunikwa na utepe mgumu. Hii ndiyo inayoamsha watu usiku, na mtu anakung'uta mkono kama anayekausha maji. Inawapata wanaoshona, wanaotwanga sombe, wanaokamua mawese, wanaovuta nyavu, wanaogonga mawe kule Misisi. Wanawake wanapata zaidi kuliko wanaume. Mama mwenye mimba anaweza kuipata bila kazi yoyote nzito, na mara nyingi inaondoka baada ya kujifungua. Mwenye ugonjwa wa sukari naye yuko karibu nayo, kwa hiyo apimwe sukari.

Jaribio lake ni rahisi. Kunjeni vifundo, migongo ya mikono igusane, vidole vitazame chini. Kaeni hivyo dakika moja. Vidole hivyo vitatu vikianza kuchomachoma, muna habari yenu. George Phalen, daktari wa Marekani, alilieneza jaribio hili tangu miaka ya 1950, na mpaka leo halihitaji umeme wala mashini.

Kidole kidogo na nusu ile nyingine ya kidole cha pete. Hapo mshipa umebanwa kwenye kiwiko. Mnaujua: ni ule ukigonga kiwiko kwenye mlango unaruka kama umeshika umeme. Unaumia kwa mtu anayelala amekunja mkono chini ya kichwa, anayeshika simu sikioni saa nzima, anayeegemeza kiwiko mezani siku nzima. Jaribio: bana karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Kama dole gumba linajikunja kwenye ncha ili lishike, nguvu imeanza kupungua. Usingoje.

Hapa nasimama kidogo, maana kuna jambo tunaloliogopa. Mshipa uleule wa kiwiko ndio unaopendwa na ukoma. Congo yetu bado ni moja ya nchi zenye wagonjwa wapya wengi duniani. Ukiona baka kwenye ngozi lisilosikia pamba wala sindano, ukigusa nyuma ya kiwiko ukakuta mshipa umevimba kama kamba, ukijichoma na sufuria bila kusikia, nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo. Dawa ya ukoma inatolewa bure tangu mwaka 1995. Matibabu ni miezi sita au kumi na miwili, kufuatana na aina ya ugonjwa. Ukianza dawa, baada ya muda mfupi tu huambukizi tena. Na mshipa ulioanza kuumia karibuni, chini ya miezi sita, unaweza bado kuokolewa kwa dawa nyingine anayotoa muganga. Anayekufanya uwe kilema ni yule anayekuambia ujifiche.

Maumivu yanayoanza shingoni. Yanapita kwenye bega, yanashuka mkono kama moto, na ganzi inafika kidole kimoja au viwili. Ukiinua uso juu na kugeukia upande ule, yanazidi. Ukiweka kiganja juu ya kichwa, yanapungua. Utamwona mtu amekaa hivyo, mnadhani ana huzuni, kumbe anapumzisha mshipa. Hapo umebanwa kwenye mlango wa shingo. Habari njema ni kwamba wengi wanapona bila kupasuliwa, kwa wiki kadhaa au miezi michache, wakiacha mizigo ya kichwani na kuendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani mwezi mzima hakusaidii.

Kiganja kinachoanguka. Mtu anaamka asubuhi, hawezi kuinua kiganja, kinaning'inia. Mara nyingi alikunywa lutuku, akalala ameweka mkono juu ya mgongo wa kiti. Msicheke, nimewaona. Huo ni mshipa wa tatu, unaozunguka mfupa wa juu ya kiwiko. Mara nyingi unarudi wenyewe kwa wiki au miezi, ila kiganja kifungiwe kibao kisining'inie. Na wako ndugu zetu wenye magongo, waliopoteza mguu vitani au kwa ajali ya moto. Gongo likiingia kwapani, linabana mshipa huohuo. Uzito uwe kwenye viganja, siyo kwapani. Kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Dalili za kukimbia

Hizi hazingoji mkutano. Miguu kuwa mizito au kujikwaa pamoja na ganzi ya mikono. Mkojo au choo kutoka bila kujua, au mkojo kukataa kutoka. Maumivu ya shingo baada ya kuanguka kutoka mwembe, mchikichi au moto. Maumivu ya shingo yenye homa, jasho la usiku na kukonda, maana kifua kikuu kinaweza kula pingili za shingo. Mkono kupoteza nguvu kwa siku chache. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo, na kama ameanguka, abebwe amelala, shingo isigeuzwe.

Na ganzi ya mkono wa kushoto inayokuja na maumivu ya kifua, jasho na pumzi fupi, hiyo si habari ya mshipa. Ni moyo. Mpelekeni mbio.

Tufanye nini nyumbani

Kwa mwenye ganzi ya usiku ya vidole vitatu: kibao. Chukua kipande cha ubao mwembamba, au kata ubavu wa bido ya plastiki iliyotoboka. Kianzie katikati ya mkono wa chini, kiishie kwenye kiganja kabla ya mizizi ya vidole. Zungushia kitambaa laini. Kifunge upande wa kiganja, kifundo kinyooke kabisa, kisikunje juu wala chini, na vidole viwe huru. Usikaze, kidole kikivimba au kikibadilika rangi, fungua. Vaa kila usiku wiki sita. Wengi wanaanza kulala vizuri mapema. Wiki sita zikiisha bila nafuu, njoo tuone. Kuna sindano anayoweza kuchoma daktari anayejua mahali pake, na kuna upasuaji mdogo wa kukata ule utepe mgumu, mgonjwa akiwa macho, anarudi nyumbani siku hiyo.

Kwa kiwiko: usiku zungushia taulo au kitenge kwenye kiwiko ili usikikunje. Mchana usikiegemeze.

Kwa wanaoshona na wanaotwanga: pumzikeni kila nusu saa, dakika mbili tu, mkanyooshe vidole. Kiti cha mshonaji kiwe na kimo cha kufanya kifundo kinyooke juu ya meza. Mchi mwembamba sana unakazwa na mkono mpaka unachoka. Zungushieni kitambaa uwe mnene kidogo. Na twangeni kwa zamu. Zamani mama zetu walitwanga wawili wawili wakiimba, hawakuwa wajinga.

Sasa mizigo. Bido ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado bido yenyewe. Mtoto wa miaka tisa mara nyingi hafiki kilo 30 za mwili wake. Tunamwekea kichwani theluthi mbili za uzito wake, halafu tunashangaa shingo inamuuma akiwa kijana. Mtoto apewe bido ya lita tano. Mama anayetoka shambani na mihogo, kamba kwenye paji la uso, shingo imesukumwa mbele saa mbili, agawanye mzigo, na apumzike njiani kabla hajachoka. Najua mtasema: muganga, safari mbili ni muda, na njia ina watu wabaya. Ni kweli. Kwa hiyo sisemi acheni mizigo. Nasema mwanaume mwenye baiskeli asipite mke wake njiani na mzigo kichwani.

Na mambo ya kuacha. Wembe kwenye kifundo au kiwiko: mshipa uko karibu na ngozi, wembe unaweza kuukata kabisa, na uchafu unaleta pepopunda. Kuvunjwa shingo, ile ya kinyozi kukushika kidevu na kupindua. Kuchomwa sindano za maumivu kwenye kibanda kila wiki. Vile vidonge vidogo vya dexamethasone ambavyo wengine wanameza ili wanenepe na maumivu yapotee: vinapandisha sukari na presha, vinatoboa tumbo, na mshipa unabaki umebanwa palepale.

Kwa chama na kwa wafadhili

Wafadhili wetu, mara nyingi mnatuuliza tunahitaji mashini gani. Kwa ugonjwa huu siombi mashini ya kupiga picha. Naomba vitu vitatu. Kwanza, viti na meza vya kimo kinachofaa kwa warsha yetu ya kushona. Mafundi mbao tunao humuhumu chamani, kinachokosekana ni mbao na misumari. Pili, mikokoteni miwili ya maji, chama kiitunze. Tatu, sehemu ndogo ya sanduku letu itengwe kwa usafiri wa mgonjwa aliyefika hatua ya pili, asingoje ya tatu kwa sababu ya nauli. Upasuaji wenyewe si mrefu, kinachotushinda ni njia.

Na ninyi wanachama, naomba kitu kimoja kisicho na bei. Mtu akikuambia mkono wake unakufa usiku, kabla hamjatafuta nani amemroga, muulize ni vidole vipi. Roho ya jirani haichagui vidole vitatu na nusu. Mshipa ndio unaochagua.

Yule mama niliyemtaja na jirani yake wamekaa benchi moja leo. Siwaoneshi kwa kidole. Walisalimiana tena siku aliporudi kutoka Bukavu, nilipoenda nyumbani kwao na kuwaeleza wote wawili mlango wa mshipa uko wapi, na kwamba aliyechelewa kuuona ni mimi. Kupatanisha watu si kazi niliyosomea. Lakini siku ile niliona kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nadaiwa maneno hayo.



Maswali

Baba mmoja mvuvi aliuliza: "Mikono yangu yote miwili inachomachoma, na miguu pia, kama nimevaa soksi. Mshipa gani umebanwa hapo?"

Jibu: Hakuna mlango mmoja unaobana mikono na miguu pamoja namna hiyo. Soksi na glavu ni dalili ya mishipa kuumwa mwili mzima: sukari, pombe nyingi, upungufu wa vitamini, au dawa fulani, kama zile za kifua kikuu zisipoambatana na vitamini B6. Njoo kesho asubuhi, hujala kitu, tuanze na sukari. Na dawa unayomeza, yoyote, uje nayo mfukoni. Usiiache bila kuambiwa.

Mama mmoja aliuliza: "Nikivaa kibao usiku, mume wangu atasema mimi ni mgonjwa, sitaenda shamba. Nifanyeje?"

Jibu: Mama, kibao ni cha usiku, asubuhi unakitoa unaweka chini ya mto. Lakini mlete mume wako. Nitamwambia apige jaribio la dakika moja yeye mwenyewe. Mara nyingi akimaliza, anaomba na cha kwake.